Tepu ya Fundi na Kichwa cha Mtoto



Mwezi uliopita kina mama wawili walitujia jioni, mmoja amebeba kichanga cha wiki tatu. Walikuwa wamebishana njia nzima. Mmoja anasema kichwa cha mtoto lazima kikandwe kwa maji moto kila asubuhi, la sivyo kitabaki na pembe. Mwingine anasema kisiguswe kabisa. Wakaamua kuja kwetu kwa sababu wanajua tulipitia mambo hayo. Tuliwajibu kwa kifupi, manake giza lilikuwa linaingia na watoto wanalia njaa. Walipoondoka tukaona afadhali tuandike yote, na wengine wapate kusoma.

Tunaandika wawili, mama na baba wa nyumba moja. Mmoja wetu alizaliwa Samia, karibu na Sio Port upande wa Kenya. Mwingine alizaliwa Kinangop. Tulikuwa tunaishi katika soko dogo karibu na Eldoret, baba akishona nguo, mama akiuza vitunguu na mboga. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, ndoa kama yetu ikawa hatari pande zote mbili. Kibanda cha cherehani kilichomwa usiku huo huo. Baba alitoka na nguo alizovaa, binti yetu wa miaka minne mgongoni, na shingoni tepu ya kupimia nguo, ile ya njano ya mita moja na nusu. Hakukumbuka hata kuivua. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane na zaidi.

Hatutaeleza njia yote, kila mmoja wenu ana yake. Tulifika Busia kwa lori, tukashuka hadi Sio Port kwa ndugu za mama, nao wakatuambia kwamba hata hapo baba hana usalama. Tukavuka kwa mashua ya wavuvi mpaka Majanji, upande wa Uganda, ambako shangazi yake mama ameolewa. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na kwao ziwa ni njia tu ya kwenda kusalimiana. Ufuoni kina mama walikuwa wanaanika dagaa, wenyewe wanaita mukene. Mtoto wetu wa pili alizaliwa pale Majanji, wiki ya pili ya Januari 2008.

Kichwa kama papai

Uchungu ulikuwa mrefu, mchana kutwa na usiku wake. Mtoto alipotoka kichwa chake kilikuwa kirefu kama papai, na juu yake pana uvimbe laini upande mmoja. Shangazi alikaa kimya. Lakini nyanya wa pale nyumbani, mama mkwe wake, hakukaa kimya. Alisema, "Samaki mkunje angali mbichi," akaagiza maji moto na kitambaa. Ati mtoto akiachwa hivyo siku tatu, mifupa itashika na atachekwa maisha yake yote.

Tuliogopa. Mtu akishapoteza nyumba na kazi, hata jambo dogo linamwonekea kama msiba mwingine umekuja kumalizia. Mkunga ndiye aliyetutuliza. Alimwambia nyanya kwa heshima, "Mama, huyu hajaumia. Amepita mlango mwembamba. Nipe wiki moja, halafu uje unikanye."

Kisha akachukua kidole cha mama mtoto akakipitisha polepole juu ya kichwa kile. Hapo ndipo tulipojua kwamba fuvu la kichanga si kitu kimoja kama kibuyu. Ni vipande: viwili mbele kwenye paji, viwili juu, kimoja kisogoni, na vingine vidogo pembeni. Kati ya kipande na kipande kuna maungio laini. Maungio yanapokutana ndipo penye utosi. Utosi wa mbele ndio ule mkubwa tunaouona ukipiga kama moyo. Kuna mwingine mdogo nyuma, wengi hata hawaujui. Wakati wa kuzaliwa vipande hivyo husogea na kupandana kidogo, kichwa kipate kupita. Mtoto akishatoka, vinarudi mahali pake vyenyewe, kwa siku chache au wiki moja mbili. Uvimbe laini nao hunywea wenyewe. Kuna uvimbe mwingine, wa damu chini ya ngozi ya mfupa, huo huweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi, lakini nao hautaki kukandwa wala kutobolewa.

Siku ya nane papai halikuwepo. Nyanya alikuja, akamshika mtoto, akamgeuza huku na huku, akacheka. Akasema maji yake moto tuogee sisi.

Baadaye tulielewa kwa nini Mungu aliacha fuvu wazi namna ile. Ubongo wa mtoto anapozaliwa una uzito wa kama robo tu ya ubongo wa mtu mzima. Akifika miaka 2 umefika robo tatu au zaidi, na akifika miaka 5 au 6 umekaribia asilimia 90. Hakuna kiungo kingine kinachokimbia hivyo. Fuvu lazima limfuate. Ubongo unasukuma kutoka ndani usiku na mchana, mifupa inaongezeka kwenye maungio. Mkono wa nyanya wa dakika kumi asubuhi haufanyi kazi hiyo.

Hema lenye mlango mmoja

Mwisho wa Januari tuliondoka Majanji. Nyumba ya shangazi ilikuwa imejaa, na tulisikia kwamba Wakenya wanaandikishwa Mulanda, wilaya ya Tororo. Pale tukapewa hema, blanketi na sufuria. Siku zikawa ndefu. Mama alikuwa na maji, kuni na foleni. Baba hakuwa na cherehani, na mikono ya fundi ikikosa kazi inawasha. Jioni alikuwa akipima kila kitu kwa ile tepu: urefu wa hema, upana wa mkeka, mwisho akaanza kumpima mtoto.

Muuguzi aliyekuja kuchanja watoto alimkuta akipima. Hakumcheka, alimfundisha. Tepu ipite juu kidogo ya nyusi, ipite juu ya masikio, izunguke nyuma pale kisogo kimetokeza zaidi. Isilegee, isibane. Pima mara tatu, uandike kipimo kikubwa kuliko vyote. Akaongeza, "Na uandike tarehe. Kipimo bila tarehe hakitusaidii." Kwa hivyo baba akawa anaandika nyuma ya kadi ya kliniki: mwezi wa kwanza sentimita 37, wa pili 39, wa tatu 40 na nusu. Muuguzi alisema hiyo ni sawa kabisa. Miezi 3 ya kwanza kichwa huongezeka kama sentimita 2 kila mwezi, miezi 3 inayofuata kama sentimita 1, na kuanzia hapo hadi mwaka mmoja kama nusu sentimita.

Lakini sisi hatukuwa na habari na namba. Tulikuwa na habari na umbo, manake lilianza kutuaibisha. Hema lilikuwa na mlango mmoja. Mtoto tulimlaza kichwa upande ule ule kila siku, naye alikuwa anageukia mwangaza. Akizoea kulala hivyo mchana na usiku, upande wa kulia wa kisogo ukaanza kubonyea. Kufikia Machi ulikuwa bapa kabisa, na sikio la upande huo limesogea mbele kidogo. Watoto wa kambini hawana dogo. Wakamwita Chapati. Mama akawa hamtoi nje bila kofia.

Hema la pili yetu alikaa mama mmoja kutoka upande wa Nakuru. Binti yake alizaliwa wiki moja na wetu, naye kichwa chake kilikuwa cha kupendeza. Cha mviringo, kikubwa, paji pana linang'aa. Kila aliyepita alisema, "Huyu ni profesa." Wacha tuseme ukweli: tulimwonea wivu. Tulikuwa tunalaza watoto wawili kwenye mkeka mmoja na macho yetu yanakwenda kwa yule mwingine.

Siku moja mwanzoni mwa Machi, mama yule akaja akitania: "Baba, pima na wangu, tuone nani ana akili nyingi." Wetu 39, wake 41. Tukacheka wote. Baba, kwa mazoea tu, akaandika namba na tarehe kwenye kipande cha boksi.

Wiki tatu baadaye akamletea tena. 44. Baba alipima mara nne akidhani tepu imeteleza. Fundi anaijua tepu yake, haikuwa imeteleza. Sentimita 3 kwa wiki tatu. Hapo utani ukaisha. Tulimkalisha mtoto wima, ametulia, halii, na tukaona utosi umevimba juu badala ya kuwa sawa na kichwa. Mishipa ilikuwa inaonekana kichwani. Na macho yake yalikuwa yameshuka, mboni chini, weupe juu, kama jua linalozama. Tulikuwa tunayaona macho hayo kila siku na tunasema mtoto ana aibu.

Mama yake akakumbuka kwamba akiwa na wiki mbili mtoto alichemka sana, siku nne. Walikuwa njiani, barabara zimefungwa, hakuna dawa. Homa ikapoa yenyewe na wakashukuru Mungu.

Kituo cha kwanza tulichokwenda, hatutakitaja, mtoto aliangaliwa kwa jicho tu. Tukaambiwa amenona, turudi nyumbani. Baba alitoa kile kipande cha boksi, hakuna aliyekishika. Tulirudi. Siku ya chanjo tukampelekea yule muuguzi wetu. Alisoma namba mbili na tarehe mbili, akaandika barua ya rufaa akiwa bado amesimama.

Njia ya Mbale

Ugonjwa huu ndio wengi wanauita kichwa kikubwa. Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna maji yanayotengenezwa na kutiririka siku zote. Njia ya maji ikizibika yanajaa, na kwa kuwa fuvu la mtoto bado laini, kichwa kinapanuka. Uzuri wa kile kichwa tulichokionea wivu ulikuwa ni maji yanaubana ubongo.

Sisi wa upande ule tulikuwa na bahati moja, ingawa hatukuijua. Mbale, kama kilomita 45 kutoka Tororo, kuna hospitali ya watoto ya CURE, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Daktari Mmarekani, Benjamin Warf, alikuwa amefanya kazi pale, na ugonjwa huu ndio uliomjia kila siku. Tiba ya kawaida ilikuwa kuweka mrija mwembamba chini ya ngozi, unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Mrija unasaidia sana, lakini huweza kuziba, na ukiziba mtoto lazima afike kwa daktari haraka. Kwa mzazi anayeishi mbali na barabara, au mkimbizi asiyejua mwezi ujao atakuwa wapi, hilo ni jambo la kufa na kupona. Kwa hivyo pale Mbale Warf aliunganisha njia mbili: kutoboa tundu dogo ndani ya ubongo ili maji yapate njia mpya, na kuchoma sehemu ya tishu zinazotengeneza maji hayo. Watoto wengi wanaofanyiwa hivyo hawahitaji mrija. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa pale pale Mbale kwa watoto 100, wengine kwa mrija, wengine kwa njia ile mpya. Baada ya mwaka mmoja ukuaji wa akili zao haukuonyesha tofauti kubwa.

Jambo lingine walilogundua ndilo tunataka mlishike. Uganda, watoto wengi wenye kichwa kikubwa hawazaliwi nacho. Kinakuja baada ya maambukizi ya ubongo, mara nyingi katika mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba walikuta bakteria wa aina ya Paenibacillus kwenye maji ya ubongo ya watoto wa namna hiyo. Kwa hivyo ile homa ya njiani haikuwa homa tu. Kichanga cha chini ya mwezi mmoja akichemka, au akikataa kunyonya, hiyo siyo ya kungoja kesho.

Haikuwa rahisi kumtoa mama yule. Kambini walikuwa wanasema ni laana ya damu iliyomwagika, wengine wanasema ni jini la ziwani. Mumewe hakujulikana aliko. Yeye mwenyewe alitaka kumficha mtoto hemani. Tuliuza sabuni na sehemu ya mahindi tukapata nauli, na mmoja wetu akamsindikiza, Chapati mgongoni. Kule wodini walikuta kina mama wengine wengi, kila mmoja alidhani ni yeye peke yake duniani. Mama yule alituambia baadaye kwamba hilo peke yake lilimponya nusu.

Mtoto alipasuliwa, na baada ya muda wakarudi. Kichwa hakikupungua kama mpira uliotobolewa, lakini kiliacha kukimbia. Macho yalipanda, akaanza kututazama. Madaktari hawakumdanganya mama: upasuaji unazuia madhara yasiendelee, haurudishi kilichokwisha kuharibika. Wao baadaye walirudi Kenya. Binti yule leo ni msichana mkubwa. Anatembea akivuta mguu mmoja, shule alianza akiwa na miaka tisa, na akitupigia simu anaongea hadi salio linakwisha. Mpaka leo tunajiuliza ingekuwaje kama tungempima mapema, au kama utani ule ungechelewa mwezi mmoja zaidi.

Na Chapati je?

Chapati wetu tuliyekuwa tunamficha hakuwa mgonjwa. Muuguzi alimshika, akajaribu kumgeuza shingo upande wa kushoto, mtoto akalia. Msuli wa shingo ulikuwa umekaza kwa kulala upande mmoja. Dawa yake ilikuwa bure. Usiku aendelee kulala chali, kwa sababu kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya kichanga kufa ghafla usingizini. Lakini tumgeuze mkekani, leo kichwa upande huu, kesho upande ule, ili mwangaza wa mlango umfuate upande mwingine. Akiwa macho na tunamwona, tumlaze kifudifudi dakika chache mara nyingi kwa siku, ashindane na kuinua kichwa. Tumnyooshe shingo taratibu. Na mchana tumbebe kwa leso mgongoni, maana kichwa kisichoegemea kitu hakibonyei.

Hili la kubonyea si la kambini peke yake. Tangu miaka ya 1990, Uingereza na Marekani walipoanza kuwahimiza wazazi walaze watoto chali, vifo vya usingizini vilipungua sana na visogo bapa vikaongezeka. Wengine kule wakaanza kuwavalisha watoto kofia ngumu za kunyoosha kichwa, ghali sana. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi wakatoa majibu: waliwafuata watoto 84, nusu kwa kofia, nusu bila chochote. Walipofika miaka 2, hakukuwa na tofauti ya maana. Tulipolisikia hili tulicheka. Kumbe leso ya mama na mkeka wa kugeuza vilikuwa havijapitwa na kitu.

Mwaka huo huo wa 2008 tulihamishiwa hapa Kiryandongo. Hapa tulikutana na mzee kutoka Isiro, kaskazini mashariki mwa Kongo. Alipomwona Chapati alisema kwao kichwa cha namna hiyo kingeonekana hakikuhudumiwa. Wamangbetu zamani walikuwa wakizungushia vichwa vya watoto kamba na vitambaa, kuanzia kama mwezi mmoja baada ya kuzaliwa, kwa miezi mingi, mpaka kichwa kinakuwa kirefu kwenda nyuma. Huo ulikuwa urembo wa watu wenye heshima, na wenyewe wanauita lipombo. Wabelgiji waliupiga marufuku, na kufikia miaka ya 1950 ulikuwa karibu umekwisha. Mzee aliwahi kuuona kwa bibi yake, mwanamke mwenye akili timamu na ulimi mkali.

Tulifikiri sana habari hiyo. Nyanya wa Majanji hakukosea kabisa: samaki hukunjika angali mbichi. Lakini hukunjika kwa jambo la miezi, si la dakika. Kamba ya Wamangbetu ilikaa usiku na mchana. Na mkeka wetu nao ulikuwa kamba, bila sisi kujua.

Kutoka utosi hadi meno

Wazazi wengi wanatuuliza kichwa huacha kubadilika lini. Utosi wa nyuma hufunga mapema, kwa kawaida miezi 2 au 3. Wa mbele wengi hufunga kati ya miezi 12 na 18, wengine mapema kidogo, wengine mpaka miaka 2. Lakini kufunga kwa utosi si mwisho. Maungio mengine hubaki yakiruhusu kichwa kukua utoto wote, na hushikana kabisa ukubwani.

Umbo nalo linabadilika kwa sababu uso unakua. Kichwa cha kichanga ni kama robo ya urefu wake wote, na sehemu kubwa ni paji na utosi. Uso ni mdogo chini yake. Meno yakianza kuota na taya likipata kazi ya kutafuna, uso unashuka na kurefuka, mwili unanyooka, na yule mliyemwita "kichwa" anakuwa mtoto wa kawaida. Nywele nazo zinasaidia.

Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya mzunguko wa kichwa mwaka 2007. Hivi ni vya katikati, yaani nusu ya watoto wenye afya wako juu na nusu wako chini:

- Kuzaliwa: wavulana 34.5, wasichana 33.9
- Miezi 3: wavulana 40.5, wasichana 39.5
- Miezi 6: wavulana 43.3, wasichana 42.2
- Mwaka 1: wavulana 46.1, wasichana 44.9
- Miaka 2: wavulana 48.3, wasichana 47.2
- Miaka 5: wavulana 50.7, wasichana 49.9

Tafadhali mtu asikimbie na namba moja. Sentimita 2 juu au chini bado ni kawaida, na kuna ukoo wenye vichwa vikubwa tu. Cha kuangalia ni mwendo: mtoto anafuata njia yake, au ameruka, au amesimama.

Usingoje siku ya kliniki ukiona haya: kichwa kinakua haraka kupita kiasi, utosi umevimba mtoto akiwa wima na ametulia, macho yanatazama chini tu, anatapika na kulala kupita kawaida, kichanga ana homa au hanyonyi. Utosi uliodidimia, hasa mtoto akiharisha, mara nyingi ni kuishiwa maji. Si kijicho cha mtu. Ukiupaka dawa juu unapoteza saa ambazo angepewa maji ya ORS na kupelekwa kituoni. Na ukiona kichwa kinakuwa cha ajabu na kuna ukingo mgumu kama uzi mnene kwenye maungio, mwonyeshe daktari, maana kwa watoto wachache, kama mmoja kati ya 2,000 au 2,500, maungio hufunga kabla ya wakati.

Chapati alipofika mwaka mmoja na nusu kisogo kilikuwa kimejaa sana. Alipofika miaka mitano, kama hukuambiwa usingejua. Leo ni kijana mrefu kuliko baba yake na ananyoa kipara kwa mtindo. Mama akipita nyuma yake akiwa amekaa, bado anapitisha kiganja upande wa kulia. Pana bapa kidogo tu, pa kujua mwenyewe. Yeye hukasirika na kusema, "Mama, wacha!"

Kadi yake ya kliniki tumeihifadhi, pamoja na kile kipande cha boksi. Tepu nayo bado iko. Imechakaa na namba za mwanzo zimefutika, kwa hivyo baba huanzia kwenye 10 halafu anatoa 10. Kituoni wana nyingine mpya, na wahudumu wa afya wa kijiji wanajua kupima. Lakini ukiwa na wasiwasi usiku, njoo kwetu na kadi ya mtoto na kalamu. Tutapima mara tatu, na tutaandika tarehe.